Umeme wa Gari la Juu Ndani ya Gari la Chini

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mafundi wa umeme wa motokaa na madereva hapa Osiri. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa safarini.)



Tumeombwa tuseme juu ya kazi ambayo siku hizi inaingia katika gereji zetu kila wiki. Mtu ananunua motokaa ya bei nafuu, iliyotengenezwa bila mapambo, kisha anataka iwe na vitu vya ile ya bei kubwa: vioo vya kupanda na kushuka kwa swichi, kufuli za umeme zinazofunga milango yote mara moja, taa za ukungu chini ya bampa. Kazi hii si ya aibu. Sisi wenyewe tumeifanya na watoto wetu wamekula kwayo. Lakini liko gari moja lililotukutanisha hapa leo, na wote mnalijua, kwa hiyo yafaa tuanze na hilo, tusilizunguke.

Gari lilikuwa Probox nyeupe ya abiria, inayokwenda Migori na kurudi. Mwenyewe alitaka vioo vya umeme katika milango ya mbele na taa mbili za ukungu, kwa maana barabara zetu zikikauka, vumbi la lori lililo mbele huwa kama ukuta, na usiku taa kubwa hulipiga vumbi hilo zikamrudia dereva machoni. Haja yake ilikuwa ya kweli. Tulimtajia bei ya kazi kamili, akasema ni nyingi. Tukapunguza. Hapo ndipo kosa lilipoanza, na kosa hilo ni letu sisi mafundi.

Tulipopunguza bei tulipunguza nini? Hatukupunguza taa, wala mota za vioo, kwa sababu hizo mwenye gari anaziona. Tulipunguza asivyoviona. Hatukuweka rilei. Hatukuvuta waya mpya kutoka betri. Taa na vioo vyote tulivinyonyesha katika waya mmoja wa kile kibiriti cha sigara ambacho watu huchajia simu. Fyuzi yake ilikuwa ya ampea 15, ya rangi ya buluu. Ikakatika siku ya kwanza, ikakatika siku ya tatu. Mara ya tatu kijana wetu mmoja, ambaye hatumtaji kwa kuwa sisi ndio tuliomfundisha, akatia fyuzi ya kijani, ya ampea 30. Haikukatika tena. Dereva akafurahi, mwenye gari akafurahi, na sisi tukafurahi.

Usiku mmoja gari likiwa limejaa abiria, moshi ukatoka chini ya dashibodi. Dereva akabonyeza swichi ashushe vioo, vioo havikushuka, kwa maana waya uliokuwa ukiungua ndio uliokuwa wa vioo. Akasimamisha gari, akatoa watu, akafungua boneti na kung'oa waya wa betri kwa mkono wake. Hakufa mtu. Waya za chini ya dashibodi ziliungua zikashikana kama ugali. Na asubuhi mwenye gari akamwambia dereva: gari limeungua mikononi mwako, nitakukata mshahara.

Ndugu, hiyo ndiyo sababu ya mkutano huu. Dereva yule ni mwanachama, na fundi aliyefunga waya ule ni mwanachama. Dereva hakuchagua waya, hakuchagua fyuzi, hata siku ya kazi hakuwapo. Lakini yeye ndiye aliyetakiwa kulipa.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Kwa nini gari la chini hukubali vitu vya gari la juu? Chukua Probox hiyohiyo. Toyota ilianza kuiuza Japani mwaka 2002, na tangu mwanzo ilikusudiwa kuwa gari la kazi, la makampuni kupeleka mizigo na wachuuzi wao. Iko ile ya DX, ya chini, na iko ya GL, iliyo juu yake. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika likiwa limepita miaka 8, kwa hiyo yanayotufikia ni yaliyokwisha kufanya kazi kule, na mengi ni haya ya chini, kwa kuwa ndiyo kampuni za Japani hununulia watumishi wao. Nyingi za DX tulizofungua zilikuwa na mkono wa kuzungusha kioo. Lakini bodi ni moja. Mlango una matundu ya kufungia mota, dashibodi ina vifuniko vitupu mahali pa swichi, na kisanduku cha fyuzi kina nafasi zisizo na fyuzi. Mara nyingine ukichungulia utaikuta plagi imefungwa kwa tepu, inangoja kitu kisichokuja kamwe, kwa sababu kiwandani huona nafuu kutengeneza fungu moja la waya kwa magari ya daraja mbili kuliko mafungu mawili.

Mara nyingine! Fundi akisikia habari hiyo humwahidi mwenye gari kwamba waya zote zimo, ni kuchomeka tu. Usiahidi kabla ya kufungua. Katika gari moja utakuta plagi na waya wake mpaka kwenye fyuzi. Katika jingine utakuta tundu tupu, na waya hakuna. Na liko la tatu, lenye kudanganya, ambalo plagi ipo lakini upande wa pili waya umeishia hewani. Fungua kwanza, pima kwa taa ya kupimia, halafu ndipo utaje bei. Na ukienda kutafuta vipuri, Kisumu au Kirinyaga Road kule Nairobi, chukua namba ya kibati kilichomo ndani ya boneti. Probox van ya injini ya 1500, kwa mfano, huweza kuandikwa NCP51V na herufi nyingine nyuma yake. Swichi ya gari jingine huweza kuingia katika tundu vizuri kabisa, na waya zake zikawa zimepangwa vingine.

Wako wanaosema kwamba kuliongezea gari kitu ambacho kiwanda hakikuweka ni kulichezea. Hatukubali. Serikali yenyewe imekwisha kutuamuru tufanye hivyo. Mnakumbuka kanuni zilizotolewa mwaka 2003, wakati marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, na zikaanza kutumika Februari mwaka 2004: kila gari la abiria lifungwe mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Matatu zile hazikutoka kiwandani na vidhibiti hivyo. Ni mafundi kama sisi waliovifunga. Kwa hiyo neno si kama yafaa kuongeza, neno ni umeme wa nyongeza utapita njia gani.

Hapa Osiri hatuna haja ya kwenda shule kujifunza habari ya waya mwembamba. Waulizeni wenye mashimo ya dhahabu. Pampu ya maji ikishushwa shimoni kwa waya mrefu mwembamba, jenereta juu inalia kwa nguvu, na pampu chini inagugumia, maji hayapandi. Ukishika waya, wa moto. Nguvu iliyolipiwa petroli imebaki ndani ya waya. Motokaa ni vilevile, ila katika motokaa ni vibaya zaidi, kwa kuwa volti ni 12 tu, na volti zikiwa chache ampea huwa nyingi.

Tufanye hesabu pamoja, kwa maana fundi asiyefanya hesabu anabahatisha. Taa ya ukungu ya balbu ya kawaida ni wati 55. Gawanya kwa volti 12, utapata ampea 4 na nusu na zaidi kidogo. Taa mbili ni ampea 9 na kitu, na injini ikiwaka altaneta hupandisha volti, balbu zikanywa zaidi. Tuseme ampea 10. Ukivuta waya ule mwembamba wa redio, wa milimita ya mraba 0.5, kwa urefu wa mita 5, utapoteza njiani kama volti 1.7. Zidisha kwa ampea 10: wati 17 zimegeuka kuwa joto ndani ya waya, nyuma ya dashibodi, mahali ambapo hakuna upepo. Na taa zenyewe zitakuwa nyekundu kama jicho la mlevi. Waya wa milimita ya mraba 2.5, kwa urefu uleule, hupoteza chini ya volti 0.4. Tofauti ya bei baina ya waya hizo mbili hata haifiki bei ya chakula cha mchana cha wanaume wawili.

Sasa njia yenyewe. Umeme wa taa utoke kwenye betri, upite katika fyuzi, uingie rilei, uende taani, na urudi kwenye bodi kwa athi iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma kikaonekana. Athi iliyofungwa juu ya rangi ndiyo chanzo cha nusu ya magonjwa yanayoletwa gereji kwetu. Swichi ya dereva isibebe mzigo wa taa. Kazi yake ni kuamsha sumaku ya rilei tu, na sumaku hiyo hunywa umeme kidogo sana, sehemu ndogo ya ampea moja. Chini ya rilei mtakuta namba. Namba 30 ni umeme unaotoka betri, 87 ni unaokwenda kwenye taa, 85 na 86 ni za sumaku. Rilei za Toyota zenyewe mara nyingi zimeandikwa 1, 2, 3 na 5: 1 na 2 ni sumaku, 3 na 5 ni njia ya mzigo. Umeme wa kuamsha sumaku uchukuliwe katika waya wa taa ndogo, ili dereva akizima taa zake na za ukungu zizimike, asije akaziacha zinawaka mpaka asubuhi.

Na fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na taa. Tumeulizwa hili mara nyingi. Fyuzi hailindi taa, inalinda waya. Sehemu ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi, kwa hiyo iwe fupi, kama shubiri moja. Kwa taa hizo mbili fyuzi ni ya ampea 15, ile ya buluu. Ikikatika, ina sababu. Tafuta sababu. Nyekundu ni 10, buluu 15, manjano 20, kijani 30, na kijana yeyote anayeshika spana katika gereji ya mwanachama azijue rangi hizo kabla hajaruhusiwa kugusa kisanduku. Kile kijikaratasi cha fedha cha pakiti ya sigara hakina rangi wala ampea, na tusikione tena.

Vioo vya umeme vina hila yake, na hapa tutakaa kidogo, maana wengi wameungua vidole. Mota ya kioo ina waya mbili. Ukitia umeme huku na athi kule, kioo hupanda. Ukivigeuza, hushuka. Swichi ikiachwa, waya zote mbili za mota hulala kwenye athi. Sasa mlango wa abiria una swichi yake, na dereva naye ana swichi ya mlango huo upande wake. Katika mfumo wa kawaida swichi ya abiria haipati athi yake kwenye bodi. Inaipata kwa kupitia swichi ya dereva. Fundi asiyejua huona waya mbili zinazokwenda kwa dereva, akadhani ni za bure, akafunga athi palepale mlangoni apunguze kazi. Kioo cha abiria kitafanya kazi vizuri kwa swichi ya abiria, naye atamwita mwenye gari aje aone. Lakini siku dereva atakapobonyeza swichi yake kwa ajili ya mlango ule, umeme utakwenda moja kwa moja kwenye athi: shoti kamili. Fyuzi sahihi itakatika na hapataharibika kitu. Fyuzi ya kijani kwenye waya mwembamba, mmekwisha sikia habari yake.

Mota ya kioo ikikwama, kwa mfano reli imejaa vumbi, na hapa kwetu reli gani haijajaa vumbi, hunywa umeme mara kadhaa kuliko ikitembea. Kwa hiyo vioo navyo viwe na fyuzi yao na waya wao, wala visichangie na taa, redio au kuchajia simu. Safisha reli kabla ya kufunga mota. Kioo kilichokuwa kizito kwa mkono kitakuwa kizito kwa mota vilevile, ila mkono ulikuwa unalalamika na mota hailalamiki mpaka iungue.

Waya zinapotoka kwenye bodi kuingia mlangoni hukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Gari la abiria milango yake hufunguliwa mara nyingi kwa siku. Pale pana mpira wa kupitishia waya, na katika gari la chini mara nyingine mpira haupo, pana kizibo tu. Usitoboe chuma ukapitisha waya utupu. Makali ya chuma yatakula ganda la waya, na hutajua siku. Nunua mpira wa gari lililovunjwa. Tena, ukimaliza kufunga kufuli za umeme, ng'oa waya wa betri, ingia ndani, funga mlango, na ufungue kwa mkono. Kama haufunguki bila umeme, kazi haijaisha. Abiria wa Probox ile walitoka kwa sababu mikono ya milango ilikuwa mizima, si kwa sababu nyingine.

Mambo mengine tutayapita upesi. Plagi za rangi ya manjano chini ya usukani na dashibodi ni za mifuko ya hewa. Msiziguse kwa taa ya kupimia, mfuko waweza kukulipukia usoni. Kabla ya kufanya kazi karibu nazo ng'oa waya wa betri wa upande wa athi na ungoje sekunde 90. Magari mapya zaidi yana kompyuta inayosimamia taa na milango, na kitu cha gari la juu hakifanyi kazi mpaka kompyuta iambiwe kwamba kimewekwa. Hayo mwenye chombo cha kusomea kompyuta ayafanye, na asiye nacho aseme sina. Na vifaa vinavyokaa macho usiku kucha, kama king'ora cha wezi, vipimwe. Kifaa kinachonyonya nusu ampea humaliza ampea-saa 12 kwa siku moja. Betri ndogo ya 40 haitaona siku ya nne. Dereva atalaumu betri, na mwenye gari atamlaumu dereva.

Hapo tumerudi penye lawama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema mwajiri aweza kukata katika mshahara kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa ambalo mfanyakazi amelifanya kwa makusudi. Kwa makusudi, ndugu. Dereva aliyetoa abiria na kung'oa waya wa betri kwa mkono hakuunguza gari kwa makusudi. Na hata makato yote yakihesabiwa pamoja, hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Twajua wenye magari watajibu kwamba dereva huyu hana mshahara, analeta hesabu ya kila siku tu, kwa hiyo si mwajiriwa. Hilo katibu atalishughulikia pamoja na afisa wa kazi, na tumempa barua yetu tuliyoandika kwa mkono wetu, kwamba waya ule tuliufunga sisi na fyuzi ile ilitiwa kwetu. Haikuwa barua tamu kuandika. Wako wenzetu waliosema tunajifunga kamba shingoni. Basi, bora shingo iliyofunga waya kuliko isiyoufunga.

Kwa upande wa gereji, sisi tumeanza hivi. Kabla ya kazi tunaandika karatasi mbili: kitu gani kitafungwa, vipuri vya nani, waya wa unene gani, fyuzi ya ampea ngapi na imekaa wapi. Mwenye gari hutia sahihi, na dereva hupewa karatasi ya pili akae nayo garini. Fyuzi ikikatika njiani, dereva ataijua rangi ya kununua, na akiuziwa nyingine atakataa. Bei inatajwa kwa kazi nzima. Mtu akitaka taa bila rilei na fyuzi yake, tunamrudishia ufunguo wake. Tumekwisha kurudisha mara mbili, na mmoja alikwenda kwa mwanachama mwingine aliye hapa mbele yetu, akafungiwa kwa bei ya chini. Hatutamtaja. Twamwomba tu aliite lile gari lirudi.

Na vijana wetu wapelekwe kwenye mtihani wa ufundi wa serikali, ule wa NITA, waanze na daraja la tatu. Kijana aliyetia fyuzi ya kijani anaanza kujitayarisha mwezi huu. Ada yake tutailipa gereji, na kwa siku za mtihani atapata posho yake kama kawaida.

Probox yenyewe bado iko chini ya mwembe nyuma ya gereji. Tumetoa waya zote zilizoungua, na tunafunga upya bila malipo ya kazi. Mwenye gari analeta vipuri. Jumamosi saa nne asubuhi tutafungua mlango wa abiria na kufunga ile swichi mbele ya kila anayetaka kuona, na tutaifunga kwanza kwa makosa, kwa fyuzi ya buluu, ili msikie inavyokatika. Mje na taa zenu za kupimia. Madereva nao waje, maana dereva wa gari hilo ndiye atakayebonyeza.